Kabla Penalti Haijapigwa

Kwenye ligi tunayocheza sisi hapa Nakuru, timu mwenyeji ndiyo inayomlipa refa. Pesa hutolewa uwanjani, mara nyingi kabla ya mechi, mkononi au kwa M-Pesa, na anayezitoa ni mtu kama mimi: katibu wa klabu ambaye pia hubeba maji, huandika orodha ya wachezaji na kukagua nyavu kama zimefungwa. Wageni wanatazama. Wanaona katibu wa wenyeji akimwita refa pembeni, wanaona simu zikitolewa mfukoni, kisha dakika ya 80 refa huyohuyo anapuliza filimbi na kuonyesha kidole kwenye boksi lao. Hata awe mtu mwadilifu kuliko wote Bonde la Ufa, nani atawashawishi kwamba alichokiona ni faulo?

Ugomvi mwingi wa waamuzi niliousikia, kuanzia Rhonda na Kaptembwo hadi Njoro, una mizizi hapo, na huishia kwa maneno mawili: "Refa amekula." Maneno hayo yakishatoka, mjadala wa sheria umekufa. Hakuna tena anayeuliza kosa lilikuwa gani, lilitokea wapi na adhabu yake ni ipi. Mimi naamini malalamiko yetu mengi dhidi ya marefa ni ya haki. Lakini tunayapoteza wenyewe, na tunayapoteza katika dakika moja tu, ile iliyo kati ya filimbi na mpira kupigwa tena.

Sheria za soka ni 17, na zinaandikwa na IFAB, chombo kilichoundwa 1886. Sheria ya 5 ndiyo ya refa. Inasema uamuzi wake juu ya mambo yaliyotokea mchezoni ni wa mwisho: mpira ulivuka mstari au haukuvuka, mkono uligusa au haukugusa, goli ni goli au si goli. Hapo huna pa kwenda. Lakini sheria hiyohiyo inampa refa ruhusa ya kubadili uamuzi akitambua mwenyewe kwamba amekosea, au akishauriwa na mwamuzi msaidizi, mradi mchezo haujaanzishwa upya. Mpira ukishapigwa, mlango umefungwa. Kwa hiyo kwa sisi tusio na VAR, yaani waamuzi wa video, tusio na mwamuzi wa nne, na mara nyingine tusio hata na washika vibendera waliosomea kazi hiyo, nafasi pekee ya kuokoa uamuzi mbaya ni ile dakika ambayo refa amesimama, mpira umewekwa chini, na mpigaji bado anarudi nyuma.

Tunaitumiaje? Wachezaji saba wanamzunguka. Benchi zima linaingia uwanjani. Viwanja vyetu havina ua, mstari wa chokaa ndio mpaka, basi mashabiki nao wanausogelea, wanaukanyaga, wanauvuka. Refa, ambaye mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuja kwa bodaboda na begi mgongoni, anafanya ambalo mtu yeyote angelifanya akizingirwa: anashikilia alichosema. Akibadilisha sasa ataonekana ameogopa, na timu ya pili itamvamia vilevile. Tunamziba masikio kisha tunashangaa hasikii.

Msimu mmoja tulikuwa ugenini kwenye uwanja wa shule, alasiri ya upepo na vumbi ambalo kila aliyecheza mpira Nakuru analijua. Mechi ilikuwa sare tasa. Kipindi cha pili beki wetu wa kushoto alibanwa, akaurudisha mpira kwa kipa kwa mguu, na kipa, kwa sababu anazozijua yeye, akaudaka. Ni kosa na hatukulibisha. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kushika kwa mikono mpira ambao mwenzake amempigia kwa mguu makusudi. Adhabu yake ni frikiki isiyo ya moja kwa moja, ile ambayo refa huinua mkono juu na mpira lazima umguse mchezaji mwingine kabla ya goli kuhesabiwa.

Refa akaonyesha penalti.

Nahodha wetu ni fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache. Aliwarudisha wenzake nyuma kwa mikono miwili, mmoja akimsukuma kifuani, kisha akaenda peke yake.

"Refa, samahani. Kosa ni lipi?"

"Kipa amedaka pasi ya nyuma."

"Hiyo tu? Hakuna faulo nyingine?"

"Hakuna. Pasi ya nyuma."

"Basi refa, kwa heshima, pasi ya nyuma haina penalti. Ni frikiki ya kuinua mkono."

Refa alinyamaza. Nilikuwa nimesimama karibu na kamishna wa mechi, na sote wawili tulimwona kijana yule akifikiri. Aligeuka kumtazama mshika kibendera wa upande ule, lakini upande ule kibendera kilikuwa kimeshikwa na mtu wa timu mwenyeji, maana waamuzi walikuja wawili badala ya watatu. Hakupata msaada. Bado alikuwa anasita. Kisha mmoja wa watu wetu, mzee ambaye hutufuata kila mechi na ambaye mchango wake umetununulia jezi, akavuka mstari akipaza sauti kwamba refa ni mwizi, na wengine wakamfuata. Nilimwona refa akibadilika uso. Alimwonyesha nahodha kadi ya njano, akawafukuza wote nje ya boksi na kupuliza filimbi. Penalti ikapigwa, goli. Tulifungwa moja bila.

Nimeieleza mechi hiyo kwa kirefu kwa sababu ya lile swali la nahodha. Refa angesema "kipa amemvuta jezi mshambuliaji," mambo yangekuwa yameisha, maana hilo ni jambo la jicho na jicho ni lake. Lakini kwa kuulizwa kwa upole alitaja kosa kwa kinywa chake, kamishna akisikia, na kosa alilolitaja halina adhabu aliyoitoa. Hapo kosa lilitoka kwenye jicho likaingia kwenye sheria. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na viongozi wengi wa klabu hatuvitenganishi.

Duniani kuna mechi zilizorudiwa kwa sababu ya tofauti hiyo. Septemba 2005, Uzbekistan ilicheza na Bahrain mjini Tashkent kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 2006. Uzbekistan ilikuwa inaongoza 1-0, ikapata penalti na kufunga, lakini mchezaji wake mmoja alikuwa ameingia boksini kabla ya mpira kupigwa. Kwa sheria ya wakati ule, mshambuliaji akiingia mapema na mpira ukaingia golini, penalti ilirudiwa. Refa hakuirudisha. Aliwapa Bahrain frikiki. Uzbekistan ilishinda mechi lakini ikalalamika, ikitaka ipewe ushindi wa 3-0. FIFA ilikubali kwamba refa alikosea sheria, ikaamuru mechi yote irudiwe. Marudio yakawa 1-1, mechi ya Bahrain ikawa sare tasa, na Bahrain ikasonga mbele kwa goli la ugenini. Aliyelalamika ndiye aliyeumia! Naliweka hilo wazi kwa klabu inayodhani barua ya malalamiko ni njia ya kupata pointi tatu za bure. Ukikubaliwa, unachopewa ni sheria ifuatwe, si ushindi.

Kosa hilohilo la penalti lilirudi Aprili 2015, kwenye mechi ya wasichana wa chini ya miaka 19 kati ya England na Norway. Ilikuwa dakika za majeruhi, England iko nyuma 2-1, ikapata penalti na kufunga. Mwenzao mmoja alikuwa ameingia boksini mapema, na refa akawapa Norway frikiki badala ya kuirudisha penalti. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliwaita wachezaji uwanjani siku tano baadaye, mechi ikaanzia kwenye penalti ile. Leah Williamson akapiga, 2-2, zikachezwa sekunde chache zilizobaki, watu wakaenda nyumbani. Kama UEFA inaweza kuwakusanya watu kwa ajili ya penalti moja, kamati ya ligi ya kaunti ndogo inaweza angalau kusoma barua ya kurasa moja na nusu.

Yetu ilisomwa. Jibu lilichukua wiki kadhaa na lilikuwa na sentensi mbili: uamuzi wa refa ni wa mwisho, na matokeo yanabaki. Sikubaliani na jibu hilo hadi leo. Sheria ya 5 inafunga mlango wa mambo ya jicho. Haijampa refa uwezo wa kutunga adhabu mpya. Kamati ingeweza kusema kanuni za ligi haziruhusu marudio, tungelielewa hilo, lakini haikutaja kanuni yoyote. Kukata rufaa kulihitaji ada ambayo kwetu ilikuwa sawa na nauli za mechi kadhaa za ugenini, kwa hiyo tuliishia hapo. Klabu yenye pesa isingeishia hapo, na hilo nalo ni tatizo.

Hata hivyo barua ile haikupotea bure. Mratibu wa waamuzi aliisoma, na kwenye mkutano wa vilabu kabla ya msimu mpya alisimama akaeleza pasi ya nyuma mbele ya makocha wote, bila kumtaja refa aliyehusika. Niliridhika na namna alivyolifanya. Yule kijana ameendelea kuchezesha, na ni mmoja wa wanaofika mapema.

Tuliandika nini? Tulianza na tarehe, uwanja, timu na dakika. Tukaandika kitendo chenyewe kwa sentensi moja: beki nambari 3 alimpigia kipa mpira kwa mguu, kipa akaudaka ndani ya boksi. Tukaandika swali la nahodha na jibu la refa, neno kwa neno, na nani alisikia. Tukataja Sheria ya 12 inasema nini juu ya kosa hilo. Tukasema nahodha alimweleza refa kabla ya penalti kupigwa. Tukaomba kamati iamue kama adhabu ilikuwa sahihi. Hatukuandika kwamba refa amehongwa, kwa sababu hatukuwa na sababu ya kuamini hivyo. Nimesoma barua za klabu nyingine zenye kurasa nne za matusi, na kosa lenyewe la refa huwezi kulipata humo hata ukitafuta kwa tochi. Kamati ikipokea barua ya namna hiyo inapata sababu rahisi ya kuitupa, na kwa kweli inakuwa na haki ya kuitupa.

Jambo la rushwa linahitaji uangalifu wake. Lipo. Novemba 2016, Afrika Kusini iliishinda Senegal 2-1 mjini Polokwane kwa msaada wa penalti ya mkono aliyohesabiwa beki wa Senegal, Kalidou Koulibaly, ilhali mpira ulikuwa umempiga gotini. FIFA ilimfungia maisha refa wa Ghana aliyeitoa, mahakama ya michezo ya kimataifa, CAS, ikaunga mkono adhabu hiyo, na mechi ikarudiwa Novemba 2017. Senegal ilishinda 2-0 na kwenda Kombe la Dunia kule Urusi. Sisi Wakenya nasi tuna yetu. Juni 2018, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, mshika kibendera wetu aliyekuwa ameteuliwa kwenda Urusi, mwalimu kutoka upande wa Migori, alinaswa kwenye kamera ya siri ya mwandishi wa habari wa Ghana akipokea dola 600. Safari ikafa, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikamfungia maisha. Niliumia siku ile, maana tulikuwa tumejivunia sana.

Tazama lakini kilichoziamua kesi hizo. Ulikuwapo ushahidi wa nia, si uchungu wa kufungwa tu. CAS na mabaraza mengine ya michezo hayapendi kabisa kuingilia alichokiamua refa uwanjani, na mlango wanaouacha wazi ni ule wa nia mbaya. Kenya tuna Jopo la Mizozo ya Michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, lakini usilipelekee kesi ya kuotea ukitegemea picha ya simu iliyopigwa kutoka nyuma ya goli. Ukiwa na ujumbe wa simu, risiti ya malipo, au mtu aliyeombwa pesa na yuko tayari kusema, hilo peleka, na usilipeleke kwa watu mliokaa nao meza moja kwenye kamati ya ligi tu. Lipeleke kwa shirikisho, na FIFA nayo ina njia ya siri ya kupokea taarifa kama hizo. Usilitangaze kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki, kwa maana ukikosea umemharibia mtu jina katika mji anaofanyia kazi.

Na hao marefa ni akina nani? Wengi wao hapa ni walimu, wanafunzi wa vyuo, vijana wa vibarua. Wamelipia kozi wenyewe, wamenunua sare wenyewe, na wanapitisha mtihani wa mbio ambao nusu ya wachezaji wetu wangeufeli. Wapo wasichana kati yao, na wanayotukanwa ukingoni siwezi kuyaandika hapa. Akiacha mmoja, hatuna ghala la wengine. Mjini Berlin, Oktoba 2019, waamuzi wa ridhaa walichoshwa na kupigwa wakagoma, na zaidi ya mechi 1,000 za wikendi moja zikafutwa. Uholanzi ilikuwa mbaya zaidi: Desemba 2012, mjini Almere, mzazi aliyejitolea kushika kibendera kwenye mechi ya vijana alipigwa na wachezaji baada ya mechi, akafa. England sasa imefika mahali pa kuwafunga marefa wa mashinani kamera vifuani, majaribio yaliyoanza 2023. Sitaki tufike huko. Kwenye viwanja vyetu nimeshuhudia refa akikimbizwa hadi kwenye bodaboda, na nimeshuhudia akina mama wauza mandazi wakisimama kati yake na vijana. Wale mama walifanya kazi ambayo ilikuwa ya viongozi wa klabu.

Mwenye kutaka malalamiko yake yasikilizwe aanze basi kwa kumlinda refa. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo njia ya kushinda hoja. Kwenye Euro ya 2024 kule Ujerumani, nahodha pekee ndiye aliyeruhusiwa kumfuata refa kuuliza uamuzi, na IFAB imeweka mwongozo ambao ligi yoyote inaweza kuutumia. Tangu 2017 pia imeruhusu soka la mashinani kumtoa mchezaji nje kwa muda, tuseme dakika 10, kwa kubishana, pamoja na kadi ya njano ambayo peke yake haimuumizi mtu siku ile. Kanuni ya nahodha tu haihitaji hela wala kamera. Klabu yetu imeianza yenyewe: mchezaji mwingine akimfuata refa, kocha anamtoa, hata akiwa mfungaji wetu bora. Mara ya kwanza kocha alipofanya hivyo, mashabiki wetu walimzomea. Sasa wamezoea, na wageni wameanza kuuliza tunafanyaje.

Lakini yote hayo hayatafika mbali kama refa ataendelea kuchukua posho yake kutoka mkononi mwangu. Nimechoka kuwa mtu huyo. Nikimlipa kabla ya mechi naonekana nanunua, nikimlipa baada ya kushindwa kuna wanaotaka nisimlipe kabisa, na nimewahi kubembelezwa na watu wangu mwenyewe nimpunguzie kwa sababu ya penalti. Refa anayejua kwamba nauli yake ya kurudi nyumbani inategemea hasira za wenyeji hawezi kuwa huru, hata akiwa na moyo wa chuma.

Kwa hiyo tunapeleka hoja kwenye mkutano ujao wa vilabu. Kila klabu itoe ada za waamuzi za msimu mzima kwenye akaunti ya ligi inaposajili wachezaji, na refa alipwe na ligi ripoti yake ikishapokelewa, awe amempendeza nani au amemuudhi nani. Klabu isitoe mshika kibendera kwenye mechi yake yenyewe. Waamuzi wakipungua, mtu huyo atoke kwenye klabu ya tatu, na kibendera chake kionyeshe mpira uliotoka nje tu, maamuzi ya kuotea aachiwe refa. Barua ya malalamiko ipokewe ndani ya siku mbili, ijibiwe kwa kutaja kanuni, na ada ya rufaa irudishwe kwa klabu ikionekana ilikuwa na hoja. Tunajua klabu ndogo za Molo na Njoro hazina pesa ya kutoa yote kwa mkupuo, na baadhi zimeshatuambia hivyo, kwa hiyo tumependekeza ilipwe mara mbili, nusu kabla ya ligi kuanza na nusu mwishoni mwa raundi ya kwanza. Klabu itakayoona hata hivyo ni nzito ije na pendekezo lake, tutaliandika kwenye hoja hiyohiyo kabla haijapigiwa kura.